Mwenye Kompyuta Kuukuu Naye Ana Wimbo wa Kurekodi

Ndugu mwenyekiti, watengeneza programu wenzangu, na ninyi maprodyuza na mafundi mitambo wa redio mliokubali kufunga studio nusu siku ili tuzungumze, asanteni sana kwa kuja.

Niliombwa nizungumzie utengenezaji wa programu za sauti. Nimechagua kipande kimoja tu, kile ambacho katika vikao vyetu huamuliwa harakaharaka na yule aliyeshika kompyuta mpya kuliko wote: programu yetu ikubali mfumo endeshi (Windows, macOS au Android) wa zamani kiasi gani? Msimamo wangu nautoa mapema ili mnisikilize mkiujua. Kumwacha mtu njiani kwa sababu mfumo wake ni wa zamani ni uamuzi mzito, na katika kazi za sauti ni mzito zaidi kuliko katika programu za ofisini. Lakini wengi wetu hatuuamui. Kompaila, ile inayogeuza msimbo wetu kuwa programu, inatuamulia; maktaba ya msimbo wa watu wengine tuliyoipakua inatuamulia, nasi tunapata habari pale mteja anapopiga simu kwamba programu haifunguki.

Nianze na studio yenyewe. Kompyuta ya mhasibu ikisasishwa usiku, asubuhi atakuta vitufe vimehama kidogo, atanung'unika, kazi itaendelea. Studio haiendi hivyo. Prodyuza akishapata mpangilio uliotulia, yaani kadi ya sauti, draiva yake (programu inayoiunganisha kadi na mfumo), programu ya kurekodia na plagini zote (programu ndogo za athari na ala zinazoingia ndani yake) zinaelewana bila sauti kukatakata, haugusi tena. Anazima masasisho. Mara nyingi anachomoa hata intaneti. Sisi watu wa kompyuta tukimwona tunasema huyu amebaki nyuma, kumbe analinda kazi ya msanii anayelipa kwa saa, na hawezi kumwambia asubiri mpaka draiva mpya itoke.

Tena draiva mpya huenda isitoke kabisa. Kadi ya sauti ya nje hudumu miaka mingi; ukichomeka maikrofoni inatoa sauti safi ileile ya siku iliyonunuliwa. Kinachokufa ni draiva. Mtengenezaji akiacha kuiandikia mfumo mpya, mwenye kadi ana njia mbili tu: abaki na mfumo wa zamani, au atupe kifaa kizima na kununua kingine. Kwa bei za kadi za sauti na mapato ya studio zetu za mitaani, ninyi wenyewe mnajua atachagua ipi.

Halafu kuna suala la mashine zenyewe. Windows 7 ilitoka Oktoba 2009, na Microsoft iliacha kuipa viraka vya kawaida vya usalama tarehe 14 Januari 2020. Windows 10 imefuata tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane kwenda juu, isipokuwa chache sana. Maana yake kompyuta nzima kabisa, yenye i5 ya mwaka 2015 na RAM ya gigabaiti 8, imeambiwa rasmi kwamba safari yake imeishia hapo. Hesabu za kuchanganya wimbo wa treki 40 inaziweza. Mashine za namna hiyo ndizo zinazoondolewa maofisini Ulaya na kutua kwenye maduka ya kompyuta za mtumba Kariakoo na katikati ya Nairobi, na kijana anayefungua studio chumbani kwake hizo ndizo mfuko wake unazofikia. Ukiandika programu isiyofunguka humo, umemkataa yeye kabla hajarekodi mstari wa kwanza.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma kuliko yote, nalo ni nyimbo zilizokwisha kurekodiwa.

Mwaka 2018, toleo la 10.13.4 la macOS lilianza kuwaonya watu kwamba programu zao za biti 32, yaani za muundo wa zamani uliotangulia biti 64, zina siku chache. Oktoba 2019 ikatoka Catalina, 10.15, na programu hizo zikakoma kufunguka. Hazikuwa nzito wala hazikugoma mara mojamoja; zilikoma. Kwa mtu wa kawaida ilikuwa kero ya wiki moja. Kwa mtu wa studio ilikuwa kitu kingine, na ili kukielewa inabidi tuangalie faili la mradi wa wimbo lina nini ndani.

Ndani ya mradi hakuna wimbo uliokamilika. Kuna sauti ghafi zilizotoka kwenye maikrofoni, na kuna maelekezo: sauti ya mwimbaji ipite kwenye kompresa fulani, kisha kwenye mwangwi fulani, besi ipunguzwe hapa, kinanda kipigwe na ala fulani ya kompyuta. Kila plagini huhifadhi mipangilio yake kama fungu la data ambalo ni yenyewe tu inayojua kulisoma. Programu kuu inalibeba fungu hilo bila kujua kilichomo. Plagini isipofunguka, mradi unafunguka ukiwa na matundu. Sauti ya mwimbaji ipo, ila kavu, kama siku alipotoka kwenye kibanda cha kurekodia. Kinanda hakipo kabisa, kwa sababu kilichohifadhiwa ni noti tu, na aliyekuwa akizigeuza noti kuwa sauti hayupo. Barua iliyoandikwa mwaka 2010 ukiifungua leo inasomeka, hata kama herufi zimebadilika sura. Mradi wa wimbo wa mwaka 2010 unaweza kufunguka leo usiujue kuwa ni wimbo wako.

Ndiyo maana wako watu waliobaki na macOS Mojave, 10.14, kwa makusudi kabisa. Ni toleo la mwisho linalofungua programu za biti 32, na wana miaka ya kazi iliyofungwa humo: nyimbo za wasanii, matangazo, muziki wa filamu, kwaya. Mteja akirudi akitaka ala tupu bila sauti ili akaimbe jukwaani, lazima mradi ufunguke. Msanii akifariki na familia ikataka wimbo usafishwe upya, lazima mradi ufunguke.

Na huo haukuwa mwisho. Apple ilihama kutoka prosesa za PowerPC kwenda za Intel mwaka 2006, na mwaka 2011 ikaondoa Rosetta ya kwanza, ile iliyokuwa ikizitafsiri programu za PowerPC. Novemba 2020 zikaja Mac za M1, prosesa ya Apple yenyewe, na Rosetta 2 ya kuzitafsiri programu za Intel. Mwaka 2025 ikatangaza kwamba macOS 26 ndiyo ya mwisho kwa Mac za Intel, na kwamba Rosetta 2 itapatikana kikamilifu hadi macOS 27. Plagini ya Intel ambayo mwenyewe ameacha kuihudumia inahesabiwa siku zake tangu sasa. Kama una mradi unaoitegemea, igeuze treki hiyo kuwa sauti ya kawaida wiki hii, usingoje.

Niwarudie watengeneza programu. Nimesema mara nyingi hatuamui sisi. Nitaonyesha kwa mfano.

Fundi mitambo mmoja wa redio alinionyesha kisanduku cha kosa kwenye kompyuta yake ya Windows 7. Alikuwa amepakua programu ndogo ya kupunguza kelele, aondoe ngurumo ya jenereta kwenye mahojiano. Akibofya, kabla hata dirisha halijatokea, anaambiwa kwamba GetSystemTimePreciseAsFileTime haikupatikana ndani ya KERNEL32.dll. Programu yenyewe msimbo wake uko wazi, nikaufuatilia. Jina hilo refu ni kitendaji (huduma ya mfumo ambayo programu huiita) cha kuuliza saa kwa usahihi mkubwa, na kilianza na Windows 8. Pale kilitumika kuandika muda kwenye kumbukumbu za makosa. Kumbukumbu za makosa! Hesabu zote za sauti, kazi yote ngumu ya kutenganisha ngurumo na maneno ya mtu, zilikuwa za kawaida na zingeenda bila tatizo kwenye mashine ile. Lakini Windows ikikuta programu inadai kitendaji ambacho haina, haiipi hata nafasi ya kuanza.

Dawa yake ni mistari michache. Badala ya kukifunga kitendaji kile moja kwa moja, unauliza wakati programu inaanza, kwa GetProcAddress, je, mfumo huu unacho? Ukiwa nacho, tumia. Usipokuwa nacho, chukua GetSystemTimeAsFileTime ya zamani, ambayo usahihi wake ni mdogo lakini kwa kuandika muda wa kosa unatosha na kubaki. Kwenye Mac njia yake ni kuunganisha kwa ulegevu (weak linking), ili programu ifunguke hata kitendaji kikikosekana, na kuuliza toleo kabla ya kuita. Ustadi wenyewe ni mdogo. Kinachotakiwa ni mtu mmoja kwenye timu aliyejaribu kuifungua programu kwenye mashine ya zamani kabla haijatoka.

Mitego ya namna hiyo iko mingi, nitataja inayonikera zaidi. Kwenye Mac, ukitumia std::filesystem, ile sehemu ya lugha ya C++17 ya kushughulikia mafaili na folda, sharti lako la chini linapanda hadi macOS 10.15. Ulitaka tu kujua kama folda fulani ipo, umewafungia nje watu wote wa Mojave niliowaeleza sasa hivi, wale wenye sababu nzito kuliko zote za kubaki walipo. Kwenye prosesa, ukiiambia kompaila itumie AVX, maagizo ya prosesa ya kufanya hesabu nyingi kwa mpigo, kwa programu nzima ili hesabu ziende kasi, programu itakufa papo hapo kwenye prosesa zisizo na AVX. Na msidhani ni za kale tu: Intel iliileta AVX mwaka 2011, lakini Pentium na Celeron nyingi za miaka mingi baada ya hapo hazikupewa. Jenga sehemu ya hesabu mara mbili, moja kwa SSE2, maagizo ya zamani zaidi ambayo kila prosesa ya biti 64 ya familia hiyo inayo, nyingine kwa AVX, kisha iulize prosesa yenyewe wakati wa kuanza. Na ninyi mnaopenda kuchora sura ya plagini kwa teknolojia ya kurasa za wavuti, mjue kwamba mmerithi masharti ya kivinjari. WebView2, kivinjari cha Microsoft cha kupachika ndani ya programu, iliishia toleo la 109 kwa Windows 7 na 8.1. Sauti inatoka, sura haina wa kuihudumia.

Hapa kuna jambo la kutia moyo ambalo watu hawalisemi. Kwenye Windows, sauti yenyewe mara nyingi si kikwazo. Njia za programu kuongea na kadi ya sauti ziko kadhaa: MME ni ya tangu enzi za Windows 3, DirectSound ni ya miaka ya 90, WASAPI ilikuja na Vista mwaka 2007, na ASIO ya Steinberg ni ya 1997. Zote bado zinafanya kazi kwenye Windows 11. Fungua Audacity, programu ya bure ya kurekodi, kwenye Windows, nenda kwenye mipangilio ya sauti, utakuta MME, DirectSound na WASAPI zimekaa pamoja, uchague. Programu iliyoandikwa kwa WASAPI ya kawaida inaweza kuhudumia Vista hadi 11 kwa msimbo uleule. Kinachowatupa watu nje huwa ni vitu vya pembeni: saa, folda, dirisha, maandishi.

Kwenye simu mambo yamegeuka. Huko sauti ndiyo ngumu.

Sauti huenda kwa mafungu. Kwa sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kwa sekunde, fungu la sampuli 256 ni milisekunde 5.3, la sampuli 1,024 ni zaidi ya milisekunde 21. Ongeza kuingia na kutoka, ongeza na yale ambayo simu yenyewe inafanya katikati, na mwimbaji anaanza kujisikia kwenye hedifoni akiwa nyuma ya mdundo. Android za mwanzo zilichelewesha sauti mno, na njia ya msimbo wa asili (wa C au C++) iliyokuwapo, OpenSL ES, ilikuja na Android 2.3. Njia bora, AAudio, ilikuja na Android 8.0 mwaka 2017. Sasa zitazameni simu za Tecno, itel na Infinix zilizo mikononi mwa watu wetu. Simu ya bei ya chini mara nyingi huzeeka na Android ileile iliyotoka nayo dukani. Mtu akisema tuandike kwa AAudio tu, ajue ni akina nani anaowaacha.

Google wenyewe walitoa maktaba iitwayo Oboe, na ninaipenda kwa sababu imefanya kwa uwazi kile ninachokihubiri. Wewe unaandika msimbo mmoja. Oboe inaangalia simu. Ikiwa ni mpya inatumia AAudio, ikiwa ya zamani inashuka kwenye OpenSL ES. Tena haianzi AAudio kwenye 8.0 ilikozaliwa, inaanza 8.1, kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa na kasoro. Hayo ndiyo maarifa ya mtu aliyeshika simu za watu na kuzijaribu. Uzamani wote umewekwa kwenye tabaka moja jembamba, na msimbo wa muziki ulio juu yake hauna habari unakimbia wapi. Fanyeni hivyo hata kwenye kompyuta. Ukiona swali la toleo la mfumo limetapakaa katika mafaili thelathini ya mradi wako, hutaweza kuuhudumia kwa muda mrefu, hata ukiwa na moyo.

Na tusichanganye mambo mawili. Duka la Google Play linadai kila mwaka uilenge Android ya karibuni. Hilo ni toleo unalolilenga. Toleo la chini unalolikubali ni namba nyingine, na hakuna anayekulazimisha kuipandisha kila mwaka. Nimeona timu zikipandisha zote mbili pamoja kwa mazoea, kwa sababu zimeandikwa mistari miwili jirani. Kikomo halisi kinatoka kwenye vifaa vya kujengea: NDK r26, vifaa vya Google vya kujenga msimbo wa asili wa Android, imeacha kila kilicho chini ya Android 5.0.

Kuna watakaosema haiwezekani kwa timu ndogo. Iangalieni Reaper. Imetengenezwa na kampuni ndogo ya Cockos ya Justin Frankel, yuleyule aliyetuletea Winamp mwaka 1997, na wengi humu tulijua muziki wa kompyuta kupitia Winamp. Reaper ni studio kamili ya kurekodi na kuchanganya. Kisakinishi chake cha Windows hakifiki megabaiti 20, na hata katika toleo la 7 ukurasa wake wa kupakua umeendelea kuorodhesha Windows kuanzia XP. Wanaepuka kubeba mizigo ya maktaba za watu wengine, na wanajua kila wanachokiita kutoka kwenye mfumo. Wepesi na uwezo wa kufunguka kwenye mashine za zamani vimetoka kwenye tabia hiyo hiyo moja.

Sisemi kwamba haina gharama, ningekuwa nawadanganya. Vifaa vya kujengea vyenyewe vinakatika: Visual Studio 2017 ya Microsoft ndiyo ya mwisho kuja na vifaa vyake vya kujengea XP, na Xcode 14 ya Apple, ya mwaka 2022, haijengi chini ya macOS 10.13. Ukitaka chini ya hapo, utatunza Mac ya zamani yenye Xcode ya zamani, na kila unaporekebisha kitu utajenga mara mbili. Kujaribu nako kunachosha, maana kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta nyingine haikuambii ukweli kuhusu muda wa sauti. Inabidi uwe na mashine yenyewe, na kadi yenyewe, na draiva ile ya miaka hiyo. Na mfumo usiopata viraka vya usalama haufai kukaa kwenye intaneti. Mtu wa Windows 7 nitamhudumia, na papo hapo nitamsihi mashine ya studio asiitumie kwa benki wala barua pepe.

Kwa hiyo mimi mstari wangu nauchora hivi, kwa miradi inayoanza leo. XP naiacha, kwa sababu ingenifunga kwenye kompaila inayozeeka. Windows 7 naibakiza kwa programu yoyote ya kurekodi au kuhariri isiyohitaji kivinjari ndani yake. Kwa Mac nachukua 10.13, kwa kuwa vifaa vya Apple vimenipa bila kuniomba kitu cha ziada. Kwa Android, 5.0, kupitia Oboe. Mwenye wateja tofauti atachora kwingine, mradi auchore yeye, auandike, na mashine ya kujengea ikatae kila kinachouvuka.

Siku ya kuacha toleo fulani itafika, na namna ya kuacha ni muhimu kuliko tarehe. Toleo la mwisho linalofanya kazi kwenye mfumo ule libaki linapakulika daima, na ukurasa useme wazi ni lipi. Usimpe mwenye Mojave kitufe kimoja kinachoshusha kisakinishi kitakachomkataa baada ya kumaliza bando lake.

Na leseni. Hapa ndipo watu wengi wamenyang'anywa kitu walichokinunua. Programu inafunguka vizuri, mfumo unaikubali, lakini inataka kuuliza seva kama umelipa, na seva haisikiki. Pengine imezimwa. Pengine ipo, ila vyeti vya kuthibitisha kwamba seva ni ya kweli vimepita wakati: tarehe 30 Septemba 2021 cheti kimoja cha mzizi kilichotegemewa na Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti vya bure kwa tovuti, kiliisha muda, na Mac zilizokuwa chini ya 10.12.1 zikaacha kuziamini tovuti nyingi mno. Mashine haikuharibika, na mwenye nayo alilipa. Na nilishasema, studio nyingi hazina intaneti kwa makusudi. Basi wekeni njia ya kuamilisha kwa faili: mtu aombe kwa simu yake, apakue, ahamishe kwa flashi. Na mkifunga seva, toeni siku hiyohiyo toleo la mwisho lisilouliza chochote.

Nimeleta mashine tatu, ziko meza ya nyuma: kompyuta mpakato ya Windows 7 yenye Celeron isiyo na AVX, Mac ya Mojave, na simu ya Android 6. Aliyekuja na programu yake kwenye flashi aipeleke pale sasa, tuifungue pamoja tuone inakwama wapi, halafu nitapokea maswali.